Chupa Ipi ya Jua, Chupa Ipi ya Kivuli?

Sisi wa safu hii tumekuja na deni. Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya mbegu za mchicha na namna ya kupanda kwenye magunia. Mtusamehe. Mchicha utangoja mwezi mmoja. Kumetokea jambo la chupa, na hilo halingoji.

Katika bloko moja hapa kwetu yupo bibi anayelea wajukuu watatu. Bibi huyu ni mtu wa kusikiliza. Vijana wa afya, wale tunaowaita maaktivista, walipopita kufundisha kwamba maji yakianikwa juani hufa vijidudu, yeye hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikusanya chupa. Alipata mbili za kijani na nne kubwa za kahawia, zile za bia (nani aliyeinywa hiyo bia sisi hatuulizi), akaziosha kwa mchanga na sabuni mpaka zikang'aa. Kila asubuhi alizijaza maji ya bomba, akazipanga juu ya bati, akazishusha alasiri. Hakukosa hata siku moja.

Basi mwezi huohuo watoto waliharisha mara tatu. Yule mdogo kabisa alifikia kutundikiwa maji kituo cha afya, siku mbili. Amerudi, anakimbia, tunamshukuru Mungu. Lakini majirani walishaanza kusema, "Mmeona? Maji ya jua ni uongo." Na wengine wawili tunaowajua wakateremsha chupa zao, nao za kwao zilikuwa sawa kabisa, hazina kosa.

Tukaenda kumwona bibi. Shikamoo, marahaba, tukakaa.

"Bibi, kwa nini ulichagua hizi za rangi?"

"Wanangu, hizi ni nzito, haziyumbi upepo ukija. Halafu ile ya kijani ni rangi ya majani, na majani ndiyo dawa. Na hii ya kahawia, weka mkono uone, maji yanapata moto kushinda ile nyeupe."

Tukaweka mkono. Kweli, yalikuwa ya moto. Bibi hakuwa mjinga hata kidogo, alikuwa na sababu tatu na zote zina akili ndani yake. Ila kuna mtu aliyemficha siri, na huyo mtu ni chuma.

Sasa tueleze, maana hata sisi wenyewe ilibidi tuulizie na kusoma kabla ya kuandika.

Kioo ni mchanga. Mchanga mweupe unachanganywa na magadi na chokaa, unatiwa kwenye tanuru lenye joto la kama nyuzi 1500, unayeyuka kama asali, ukipoa unakuwa kioo. Mchanga ukiwa safi kabisa, kioo kinatoka bila rangi. Lakini mchanga safi kabisa uko wapi? Karibu kila mchanga duniani una chuma ndani yake, ni ileile kutu inayofanya udongo wetu wa bara uwe mwekundu. Chuma kikiingia tanuruni hakitoki. Kilo moja tu ya kutu hiyo ndani ya kilo 1000 za kioo inatosha kukipa kioo ukijani wa kuonekana.

Hamtuamini? Chukueni kipande cha kioo cha dirisha, kile kinachoonekana hakina rangi. Angalieni uso wake, ni mweupe. Sasa kigeuzeni mkiangalie kwa ukingoni, kwa upande wa unene. Ni kijani. Hiyo ni rangi ya chuma. Ilikuwamo siku zote, ila kioo chembamba kinaificha. Angalieni kwa macho tu, wala watoto msiwape kushika.

Mafundi wa zamani hawakuupenda ukijani huo. Wakagundua madini mengine, manganizi, ambayo peke yake hutia kioo rangi ya zambarau. Zambarau ikikutana na kijani, zinauana, kioo kinaonekana cheupe. Ndiyo maana manganizi yaliitwa sabuni ya kioo, ingawa hayasafishi kitu: chuma kimo palepale, kimefunikwa tu. Na kufunika kwenyewe si kwa milele. Chupa ya zamani yenye manganizi ikiachwa juani miaka mingi hugeuka zambarau yenyewe. Siku hizi viwandani hutumia zaidi seleni na kobalti kidogo kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo rangi ya kioo karibu yote ni habari ya madini machache yaliyopotelea ndani yake, mengine kwa bahati mbaya, mengine kwa makusudi. Nusu kilo ya kobalti katika kilo 1000 inaleta buluu nzito kama bahari ya kina. Kromi inaleta kijani kikali cha chupa. Gramu moja au mbili za dhahabu katika kilo 10 za kioo, kikipashwa moto tena kwa utaratibu, kinakuwa chekundu kama damu. Dhahabu kuleta wekundu! Sisi tulidhani italeta manjano.

Shaba ndiyo yenye vituko. Tanuru likipewa hewa nyingi, shaba inatoa rangi ya maji ya pwani pale kwenye mchanga mweupe, kati ya kijani na buluu. Tanuru likinyimwa hewa, shaba ileile inatoa wekundu wa tofali. Bibi zetu wanaujua wekundu huo. Shanga ndogo nyekundu zisizopenya mwanga, zilizokuja pwani yetu toka India kwa karne nyingi, rangi yao ni shaba. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia kilichoandikwa katika karne ya kwanza, Periplus, tayari kinataja vioo vya aina nyingi kati ya bidhaa zilizoletwa Rhapta, soko la pwani ya Tanzania ya leo. Shanga za kioo zimefukuliwa Kilwa, na zimefukuliwa Chibuene karibu na Vilankulo, kusini mwa nchi yetu. Pale Ilha de Moçambique watu hadi leo huokota shanga zinazotupwa na maji kutoka kwenye vyombo vilivyozama. Leo wataalamu wakiipima shanga moja wanaweza kukisia mchanga wake ulitoka upande gani wa dunia, kwa kuangalia uchafu wa madini uliomo. Uchafu ndio unaoitoa asili ya shanga.

Hapo vijana watatuuliza juu ya rubi. Ndiyo, ni habari hiyohiyo. Rubi za Montepuez, zilizogunduliwa mwaka 2009, ni jiwe ambalo likiwa safi halina rangi, kromi kidogo ndiyo inayolifanya jekundu. Kromi ileile inayofanya chupa kuwa kijani! Inategemea imekaa ndani ya nyumba gani. Na kwa kuwa kioo nacho kinaweza kutiwa wekundu, wapo wanaozunguka na vipande vya kioo wakiviita mawe ya Namanhumbir. Mkiletewa jiwe, liangalieni ndani juani: vipovu vya duara kama vya soda ni dalili ya kioo. Tena rubi hukwaruza kioo, kioo hakikwaruzi rubi. Yupo mtu hapa alitoa simu yake na kapulana mbili mpya za mke wake kwa kipande cha taa ya nyuma ya gari. Tunaishia hapo, mwenyewe anasoma safu hii.

Turudi kwa bibi.

Mwanga wa jua si kitu kimoja. Upo ule tunaouona, na ipo mionzi ambayo macho hayaioni. Kazi yake mnaijua: ndiyo inayopausha kapulana iliyosahauliwa kwenye kamba wiki nzima. Mionzi hiyo hiyo ndiyo inayoua vijidudu ndani ya maji. Sasa, rangi ya kioo maana yake ni nini? Maana yake kioo kimekula sehemu fulani ya mwanga na kupitisha iliyobaki. Kioo cha kijani kimepitisha kijani, kingine kimekula. Na chuma kina tabia ya kula hasa ile mionzi isiyoonekana.

Chupa ya kahawia ndiyo mlafi kuliko zote. Haitengenezwi kwa udongo wala kwa rangi ya kupaka. Mafundi hutia chuma, salfa na makaa kidogo, tanuru linanyimwa hewa, vitu hivyo vinashikana na kutoa rangi ya chai ya rangi. Kahawia hiyo inakula karibu mionzi yote isiyoonekana, pamoja na sehemu kubwa ya buluu. Imewekwa makusudi hivyo, kwa sababu bia ikipigwa na jua inanuka vibaya. Kwa maneno mengine, ni chupa iliyobuniwa kuzuia jua lisiguse kilichomo ndani. Na bibi wa watu aliiweka juu ya bati kila siku akisubiri jua liingie.

Ule moto alioushika? Ni mwanga ulioliwa na kioo, ukageuka joto. Maji yalipata uvuguvugu, na uvuguvugu si kuchemka. Vijidudu vya tumbo havifi kwa uvuguvugu, vinastarehe.

Chupa za kijani ni afadhali kidogo, lakini zinakula nyingi mno, hazifai. Je, chupa ya kioo nyeupe? Hapo ndipo penye mtego, kumbukeni habari ya dirisha. Nyeupe kwa macho bado inaweza kuwa na chuma kilichofunikwa, na jinsi kioo kinavyozidi unene ndivyo kinavyozidi kula. Zipo za kioo zinazopitisha vizuri, zipo zisizopitisha, na kwa macho huwezi kuzitenga. Ndiyo maana vijana wa afya husema chupa ya plastiki ya maji ya kununua au ya soda, isiyo na rangi. Plastiki ile haikutoka kwenye mchanga, haina hicho chuma. Kosa la mafunzo lilikuwa moja tu: walisema "chupa", hawakusema ipi, na sisi wa gazeti tuliandika hivyohivyo mwaka jana bila kuuliza. Hilo kosa ni letu pia, na kwa bibi tumekwisha kuomba radhi.

Kwa wale walioteremsha chupa zao tunataka waijue habari ya Kajiado, Kenya, kwa Wamasai. Huko watafiti waligawia familia chupa za plastiki, baadhi ziwekwe juu ya paa juani, nyingine zikae ndani ya nyumba. Kisha kipindupindu kikaingia sehemu hiyo. Walipohesabu, matokeo yakachapishwa mwaka 2001: katika watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya jua, waliougua kipindupindu ni 3. Katika watoto 144 ambao chupa zao zilikaa ndani, waliougua ni 20. Kwa watoto wakubwa na watu wazima hawakuona tofauti ya kutegemewa, tuseme ukweli. Lakini ninyi mnajua kipindupindu hupenda nani. Wengi wetu tulikuwako kimbunga Kenneth kilipotua tarehe 25 Aprili 2019, na mnakumbuka haikufika wiki mbili kipindupindu kikatangazwa Pemba.

Basi namna yenyewe ni hii. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isizidi lita 2, kwa sababu maji yakiwa na kina kirefu mionzi haifiki chini. Toeni karatasi yote ya nje. Isiwe imekwaruzika mpaka imekuwa ukungu, hiyo ipewe kazi nyingine. Isiwe iliyowahi kubeba mafuta ya taa wala dawa ya kuua wadudu, hata ikioshwa mara mia. Jaza, funga, laza chupa chini kwa ubavu, usiisimamishe. Juu ya bati ndiyo pazuri. Wenye turubai tu waombe jirani mwenye bati, au watandike kipande cha bati chini mahali ambapo kivuli hakipiti na mbuzi hapiti. Jua likiwa wazi, saa 6 zinatosha, yaani toka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mawingu yakifunika nusu ya mbingu au zaidi, iache siku mbili mfululizo. Mvua ikishinda kutwa, hapo jua halina kazi: chemsha, au tumia dawa ya klorini. Maji yakishaiva, yanyweeni kutoka chupa ileile. Ukiyamimina kwenye ndoo ambayo kila mkono unachovya kikombe, umeanza upya.

Mama mmoja alituuliza kama plastiki haitoi sumu ikikaa juani. Swali zuri. Wataalamu wamepima maji ya chupa hizo baada ya kuanikwa, na walichokikuta kilikuwa chini sana ya viwango vya hatari vya maji ya kunywa.

Msidhani lakini kwamba chupa ya kahawia ni adui. Ina kazi yake, na hapa tumeona kosa la upande wa pili. Kuna ndugu wawili waligawana chupa ya dawa ya maji ya mtoto. Mmoja akabaki na chupa ya kahawia, mwenziwe akatia nusu yake kwenye kichupa cheupe cha marashi na kukiweka dirishani ili akione asisahau. Nia njema. Ila kama kiwanda kimetia dawa kwenye kahawia, mara nyingi ni kwa sababu dawa hiyo inaharibiwa na mwanga, na chuma cha kwenye kioo ndicho mlinzi wake. Ukiihamishia kwenye cheupe umemfukuza mlinzi. Zipo hata za vidonge. Nifedipine, ambayo baadhi ya wazee wetu wanatumia kwa presha, huharibiwa upesi sana na mwanga, na hapa tunapewa ndani ya vifuko vya plastiki vinavyoonyesha. Vifuko hivyo vitieni ndani ya kopo lenye kifuniko, kopo liwekwe mahali pa baridi na giza, mbali na watoto. Na kugawana dawa za watoto, jamani, kila mtoto na uzito wake, mwulizeni nesi kwanza.

Hivyo bibi tumempangia upya. Chupa zake za kahawia hazikutupwa: mbili anawekea mbegu, maana alikuwa na mbegu za bamia hazina pa kukaa, na mbili kampa mjukuu mkubwa akauze. Zile za kijani zimepangwa mlangoni kuzuia mchanga. Majirani wamemchangia chupa sita za plastiki. Tulipopita juzi zilikuwa zimelala juu ya bati, ziko safi, na yule mdogo alikuwa chini anazihesabu kwa Kireno na kukosea kila akifika nne.

Limebaki jambo moja, la maji yenye tope, hasa yale ya kisima cha chini wakati wa masika. Maji machafu yanakula mionzi kama kioo cha rangi kinavyokula, hivyo ni lazima yatulie na kuchujwa kwa kitambaa kwanza. Utajuaje yametosha? Jaza chupa, isimamishe juu ya ukurasa huu, pale kwenye kichwa cha habari, kisha chungulia kwa juu kupitia mdomo wa chupa mpaka chini. Ukiweza kusoma herufi, maji yako tayari kwenda juani. Ukishindwa, yachuje tena. Tumewaomba wachapaji waweke kichwa cha mwezi huu kwa herufi kubwa na nyeusi kwa ajili hiyo, kwa hiyo gazeti hili msifungie vitumbua kabla ya kulipima nalo.